Kunde za Kando ya Njia

Msimu ule wa vuli sikuwa nikilala vizuri, na nyumbani walidhani ni kwa sababu ya kazi niliyokuwa sijapata. Haikuwa kazi. Lilikuwa swali moja tu: nimwambie rafiki wa mama yangu aache kuchuma kunde katika shamba letu, au ninyamaze? Ukilisikia hivi ni swali dogo. Mimi nililigeuza huku na huku mpaka likajaa nyumba nzima. Nikimwambia, nitakuwa nimemnyima mboga mwanamke aliyemwogesha mama yangu siku ambazo mama hakuweza kuinua mkono. Nikinyamaza, nitakuwa nikimtazama akifunga mboga zenye dawa ya wadudu kwenye leso na kwenda kumpikia mke wa mwanawe, aliyekuwa amejifungua juzi. Na je, mboga ile ilikuwa na madhara kweli? Mimi nilisomea uhasibu. Kuhusu kilimo nilijua yale tu ambayo kila mtoto wa Ukambani huyajua kwa kutumwa shambani. Sikuona kama nilikuwa na haki ya kuwa na uhakika.

Kwetu ni mwendo mfupi kutoka soko la Tulia, upande wa Kitui. Shamba letu linashuka kutoka nyumbani hadi kwenye njia ya miguu inayoelekea mtoni, kule ambako wanawake huchota maji kwenye mashimo ya mchangani. Sehemu kubwa tunapanda ndengu, yaani choroko, kwa sababu ndengu ndizo zinazouzwa. Lakini ukingo wa chini, ule unaogusa njia, ulikuwa wa kunde, na kunde zile zilikuwa za mama. Watu hupanda kunde kwa ajili ya mbegu. Ila kabla mbegu hazijaja kuna majani, na majani machanga ya kunde ndiyo mboga yetu mvua inaponyesha.

Huku kwetu, kunde zilizo kando ya njia hazina mlango. Mwanamke akipita anaruhusiwa kuchuma za kutosha chungu kimoja. Haombi, kwa sababu kuomba ni kama kusema kwamba mwenye shamba angeweza kukataa. Anachuma ncha kwa vidole, hapa kidogo na pale kidogo, asiuchoshe mmea mmoja. Haji na gunia. Na anapochuma huita salamu kuelekea nyumbani, hata kama haoni mtu, ili ijulikane ni nani. Mama alikuwa akijibu salamu hizo akiwa jikoni bila kutoka. Alizijua sauti zote. Nilipokuwa mdogo nilidhani kila shamba duniani lina ukingo wa namna ile, sehemu ambayo unailima wewe na inavunwa na wapitaji.

Mama alifariki wakati wa kiangazi. Aliugua kwa muda mrefu ugonjwa ambao hauhusiani na habari hii, na tukamzika upande wa chini wa shamba, karibu na ukingo wake. Mvua ilipokuja, baba alipanda kunde palepale mama alipokuwa akizipanda, kwa mbegu ambazo mama mwenyewe alikuwa ameziweka kwenye chupa pamoja na majivu. Hatukuzungumza juu ya hilo. Nilimwona tu akizichukua.

Kunde zikaota, wanawake wakaanza tena kupita na kuchuma. Sasa salamu zao zilielekea kaburini kabla ya kufika nyumbani. Hawakufanya kama ibada. Hao ni watu wa kanisa, hawaongei na wafu. Walifanya kama utani. Rafiki wa mama ndiye aliyekuwa na mazoea hayo kuliko wote. Alikuwa jirani yetu wa ng'ambo ya njia, mwanamke mrefu, mwenye sauti ya kuongoza kwaya. Siku ya kwanza aliyochuma msimu ule, aliinua kile kifungu cha majani akanionyesha pale nilipokuwa nimesimama.

"Unaona?" akasema. "Mama yako bado anatulisha."

Nilicheka, kisha nikaingia ndani nikalia. Sikuwa nimelia hivyo hata siku ya mazishi. Nikafikiri, basi kuna mahali pamoja ambapo mama hajaisha.

Shida ilianza na vidukari, wale wadudu wadogo weusi wanaojipanga kwenye shina la kunde kama masizi. Mama alikuwa na dawa yake. Aliamka umande ukiwa bado juu ya majani, akachukua majivu ya jikoni kwenye ungo, akayapepeta juu ya kunde zake mstari kwa mstari. Umande uliyashika majivu, na vidukari hawakuyapenda. Mimi nilijaribu. Nilichelewa kuamka, umande ukawa umekauka, majivu yakapeperuka yakaniingia machoni. Siku iliyofuata niliwahi, lakini mvua ikanyesha mchana ikayaosha yote. Baba alinitazama kwa muda, akasema kwa upole kwamba majivu yalikuwa yakishika kwa mkono wa mama yangu, na kwamba huenda sisi hatuna mkono huo. Kisha akaenda Tulia akarudi na chupa ya dawa na pampu ya kubeba mgongoni.

Sikumlaumu, na mpaka leo simlaumu. Msimu uliotangulia wadudu walikula karibu ndengu zote, na mwaka huo mama alikuwa anaumwa. Ndengu ndizo zilizonisomesha. Mtu aliyeona maua yakikauka mbele ya macho yake mara moja hangoji kuyaona mara ya pili. Alipiga dawa ndengu zote, na alipofika chini hakusimama. Akapiga na kunde, kwa kuwa mwendo wa pampu ni ule ule, na kwa kuwa vidukari walikuwa wameanzia kwenye kunde.

Chupa niliikuta imelala kwenye pembe ya ghala. Mimi ni mtu wa kusoma maandishi madogo; nadhani ni ugonjwa. Karatasi ya chupa ilisema usubiri wiki mbili baada ya kunyunyiza kabla ya kuvuna. Nikasimama pale na neno hilo, kuvuna. Kuvuna nini? Karatasini palikuwa na picha ya ganda lililojaa mbegu. Mwenye ndengu huvuna mwisho wa msimu, dawa ikiwa imeshapita zamani. Lakini majani ya kunde huvunwa leo na kesho na keshokutwa, na watu ambao hawakuwepo dawa ilipopigwa. Nilijiambia kwamba aliyeandika karatasi ile hakuwahi kula kunde. Halafu nikajiambia kwamba labda aliijua dawa yake kuliko mimi, na akaona majani hayana neno. Kila jibu nililopata lilizaa swali.

Nikaenda Tulia kwa kijana anayeuza dawa za kilimo. Nilimwuliza kama mtu anaweza kula majani ya kunde zilizonyunyizwa dawa ile juzi. Akaichukua chupa, akaizungusha, akasoma nilichokuwa nimesoma.

"Dada, hapa wanaongea mambo ya mbegu," akasema. "Majani hawajataja."

"Kwa hivyo majani ni sawa?"

"Sijasema ni sawa. Nimesema hawajataja."

Kulikuwa na wateja nyuma yangu. Akaniuliza kama nataka glavu, nikasema sitaki, nikatoka. Njiani nilikumbuka kwamba baba alikuwa amepiga dawa mikono mitupu, nikarudi kuzinunua.

Nilipofika nyumbani nilimkuta rafiki wa mama ukingoni, leso imefunguliwa chini, anachuma. Sasa, nikafikiri. Sema sasa. Nilishuka mpaka alipokuwa. Aliniuliza habari za kutafuta kazi, nikamjibu. Aliniambia mtoto ni wa kiume, anapiga kelele kama kondakta, na mama yake maziwa hayajashuka vizuri, ndiyo maana anampa uji wa wimbi na kunde, kunde zinarudisha damu. Alikuwa na furaha sana. Ndicho kitu kilichonishinda, ile furaha. Nilifungua mdomo kumwambia aache, na kilichotoka ni:

"Mama, hizo mboga uzioshe vizuri, sawa? Baba alipiga dawa."

Alisimama wima akaniangalia, halafu akacheka cheko lake kubwa. "Ngai! Miaka yote chuo kikuu, umerudi kutufundisha kuosha mboga?"

"Nasema tu."

"Nimezaa saba, na wote walikula mboga. Enda, enda upumzike, msomi."

Nikaenda. Nilijiambia kwamba nimesema. Nilijua sikusema. Nilikuwa nimetafuta neno jepesi ambalo lingeniruhusu kulala, na hata hilo halikuniruhusu.

Nilifikiria njia nyingine. Nilifikiria kufunga kitambaa chekundu kwenye kijiti pale ukingoni, kama alama ya hatari. Lakini huku kwetu kitambaa kilichofungwa shambani hakisomwi hivyo. Watu wangeona ni uchawi wa kukamata wezi, na kwamba tumewaita majirani wezi, tena kando ya kaburi la mama. Wazee wa kanisa wangekuja kutuombea. Nilifikiria kuzungushia miiba. Hiyo ingekuwa kufunga mlango kwenye uso wa kila mwanamke aliyekuja kwenye matanga yetu na sufuria kichwani. Kwa wanawake wale kukatazwa kunde kungekuwa na jina moja tu, uchoyo: kwamba tangu mama aende, nyumba yake imekuwa chungu. Na ningewaambia ni dawa, wangejibu kwamba dawa ni kisingizio, kwani sisi wenyewe tunakula nini?

Sisi tulikula zilezile. Baba alizipenda, na kwa kuwa nazi haziko huku, nilimpikia kwa karanga. Nilikula nikihesabu kila tonge. Kisha nikaanza kumpikia kabichi kutoka sokoni, na nikafikiri, kabichi hii nayo ilipigwa nini?

Mwisho nikamwambia baba. Ilikuwa jioni, anakwangua matope kwenye viatu. Yeye huniita mwaitu, yaani mama, kwa kuwa nimepewa jina la mama yake, na anapoliita jina hilo akiwa amechoka mimi huhisi kwamba ndimi niliyemzaa. Nilimweleza karatasi, picha ya ganda, mke wa mtoto wa jirani anayenyonyesha. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mwaitu," akasema, "mimi nikiacha dawa, tutakula nini?"

Nikamwambia simwombi aache. Aache tu ukingo. Ndengu hakuna anayechuma majani yake, apige ndengu peke yake na kunde aziache kwa ajili ya wapitaji. Alitazama kule chini ambako giza lilikuwa limeanza kuingia, akasema ni sawa. Kama ni kwa ajili ya ukingo wa mama yako, ni sawa.

Nililala vizuri siku chache. Baba alitimiza neno lake. Alipopiga dawa tena alisimama mbali na kunde na kugeuza bomba upande wa pili. Na kwa kuwa kunde zilikuwa bila dawa katikati ya shamba lenye dawa, vidukari wote walihamia huko. Sijui kama ndivyo inavyokwenda kwa kawaida, lakini ndivyo nilivyoona. Mashina yakawa meusi. Majani yakajikunja. Sisimizi wakaanza kupanda na kushuka. Kutoka hapo wadudu wakaanza kurudi kwenye ndengu za mstari wa kwanza, kisha wa pili. Asubuhi moja nilisikia mlio wa pampu, nikatoka mbio. Baba alikuwa ukingoni, katikati ya kunde, ananyunyiza. Hakunitazama.

"Zinaua ndengu," akasema tu.

Glavu alikuwa amevaa.

Wiki ile niliitwa Emali kufanyiwa mahojiano ya kazi ya hesabu katika duka la vifaa vya ujenzi. Dada yangu mkubwa anaishi hukohuko, upande wa Makueni, ana kibanda cha chakula karibu na pale malori yanapoegeshwa, na nililala kwake. Mahojiano yalikuwa mafupi. Waliniuliza kama naweza kuanza mara moja, halafu wakasema watanipigia simu, nami nikatumia saa nzima kujaribu kuelewa jinsi sentensi hizo mbili zinavyokaa pamoja. Dada akanituma sokoni nimletee mboga za kupikia wateja wa mchana.

Kulikuwa na kunde, mafungu kwa mafungu, majani mapana bila tundu hata moja. Zamani ningesema ni kunde nzuri. Sasa nilisimama mbele yake nikitafuta tundu, kitu chochote ambacho mdudu alikuwa amethubutu kuuma. Nikamwuliza muuzaji, mama mmoja aliyevaa kofia ya sufu kwenye jua lile, zimepigwa dawa lini.

"Lini?"

"Ndiyo. Na zimetoka wapi?"

Akamgeukia mwenzake wa vitunguu. "Huyu amekuja kununua mboga ama kuhesabu watu?" Mwenzake akacheka. Akanirudia: "Zimetoka shambani, madam. Habari za dawa ningemwuliza nani mimi? Mimi niliamka nikakuta lori."

Nikanunua. Kwani ningefanya nini? Nilizibeba hadi kwa dada, nikamweleza yote, kunde za nyumbani na hizi. Alikuwa anakatakata huku akinisikiliza, kisu kikienda bila kupunguza mwendo. Dada yangu ni mtu wa kazi. Mawazo yangu humchosha.

"Unafikiri hizi zilinyunyiziwa maombi?" akasema. "Madereva wanakula hapa kila siku. Hakuna aliyeuliza."

"Kwa hivyo nisimwambie?"

Kisu kikasimama. "Ukimwambia, utakuwa umefunga shamba la mama. Watu watasema hivyo, na wataendelea kusema wewe ukiwa umeshapata kazi na kuondoka, na baba atabaki nao." Akaanza tena kukata. Kisha akasema, bila kuniangalia, "Lakini mimi sijawahi kupewa nafasi ya kumwambia mtu. Hawa siwajui. Wewe wako unamjua kwa jina."

Sijui kama alitaka kunisaidia. Nilitaka kumwuliza lakini wateja walikuwa wameingia.

Nilirudi nyumbani siku iliyofuata. Baba aliniambia kwamba mke wa mtoto wa jirani ameshikwa na tumbo, ametapika, wamempeleka zahanati na kumrudisha. Muuguzi alisema huenda ni maji, watu wachemshe maji. Hilo lingeweza kuwa kweli kabisa. Mashimo ya mchangani hunywewa na mbuzi pia, na wakati wa mvua watu wengi hushikwa na tumbo. Nilikwenda ukumbini nikaketi. Nilijua kwamba sitajua. Hakuna ambaye angepima jani, wala mimi sikujua hata jani hupelekwa wapi kupimwa. Hata kama ni maji, kesho atakunywa uji na kunde, kwa kuwa amepoteza nguvu, na kunde zinarudisha damu, na zipo palepale kando ya njia, zimepona vidukari, zimenawiri.

Ndipo nikaona kosa langu la muda wote ule. Nilikuwa nikitafuta uhakika kwanza, kama mtu anayesawazisha vitabu, nikidhani kwamba nikishaupata nitasema bila kumuumiza mtu. Lakini kwa habari ya kunde zile, uhakika haukuwa ukija, na kuumiza kulikuwa lazima. Nikiziacha bila dawa, zinalea wadudu wa ndengu. Nikiziacha na dawa, zinaliwa. Nikizikataza, zinakuwa tusi. Zikisimama pale, njia zote ni mbaya. Nikawaza, na zisiposimama?

Nilianza kung'oa asubuhi, jua lilipokuwa limepanda kidogo. Nilivaa glavu za baba. Ardhi ilikuwa na maji, na kunde ziling'oka kirahisi, mizizi ikiwa na vinundu vyeupe na udongo mwekundu. Nilianza upande wa kaburi, kwa sababu nilijua nikiuacha mwisho sitaumaliza. Nilikuwa nimefika karibu na nusu niliposikia salamu kutoka njiani. Ilikuwa sauti ile ya kwaya. Nikainuka.

Rafiki wa mama alikuwa amesimama na leso mkononi. Alitazama kunde zilizolala chini, kisha akanitazama mimi, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa na mzaha wowote usoni.

"Unang'oa za mama yako?"

"Zina dawa, mama. Baba alipiga tena wiki hii. Sitaki uzipike, na siwezi kukukataza."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia."

"Uliniambia nioshe," akasema polepole. "Hukuniambia niache."

Nilisimama na mche mkononi. Alikuwa amesema kweli yote. Nilitamani anigombeze. Nilitamani aseme ni maji, kama muuguzi, anitue mzigo. Aliikunja leso, akaikunja tena ikawa ndogo, akaishika kifuani. Aliangalia pale kaburini kwa muda. Kisha akashika njia ya mtoni, na nilisikia ndala zake mpaka ziliponyamaza.

Nikaendelea. Wanawake wengine walipita. Walisalimu, kwa kuwa salamu ni lazima, lakini sauti zao zilikuwa za chini na hakuna aliyesimama. Nilipomaliza, ukingo ulikuwa mwekundu na mtupu, na nyumba yetu ilionekana kutoka njiani kwa namna ambayo haikuwahi kuonekana.

Baba alitoka Tulia akakuta rundo. Nilidhani atauliza. Alilizunguka mara moja, akainama akachukua ganda moja lililokuwa limeanza kufunga, akalipasua kwa kidole gumba, akaangalia mbegu zilizokuwa bado kijani na laini.

"Mbuzi wasifike hapa," akasema, na akaenda kutafuta sepetu.

Tulichimba shimo mbali na njia. Tulizizika. Sikutaka kufikiria tunarudia kitu gani, na nadhani yeye pia hakutaka, kwa hiyo tulizungumza juu ya mpini wa sepetu, ambao ulikuwa umelegea.

Alasiri nilikwenda kwa jirani. Kwetu mtu haendi kumwona mzazi mikono mitupu. Hupeleka unga, au mboga, au matunda. Nilisimama ghalani nikiangalia vitu vyetu kimoja baada ya kingine. Mapapai nilikuwa nimeyanunua sokoni. Ndengu za msimu uliopita zilikuwa zimewekwa na unga wa dawa. Mwisho nilichukua kuni. Nilifunga mzigo mkubwa kuliko niliozoea, nikaubeba mgongoni kwa kamba ya kichwa kama mama alivyokuwa akibeba, nikavuka njia.

Mlango ulikuwa wazi. Rafiki wa mama alikuwa amempakata mtoto, na mke wa mwanawe alikuwa ameegemea ukuta, midomo imekauka. Nilitua mzigo nje. Kabla sijakaribishwa, kabla sijaketi na uoga wangu ukapata mahali pa kukaa pia, nilimwambia mwenye mtoto jambo lote, nikimtazama yeye: dawa iliyopigwa, siku ilipopigwa, kwamba kunde alizokula zilitoka huko, kwamba sijui kama ndizo zilizomfanya augue, na kwamba kama zimebaki nyingine ndani azitupe.

Alimtazama mama mkwe wake. Rafiki wa mama aliinuka, akanipa mtoto nimshike, akaingia jikoni, na nikamsikia akimwaga kilichokuwa kwenye sufuria.